Msafiri Harudi Mlangoni

Miaka ile, ukitaka kutoka Biharamulo kwenda nchi ya watu, hata hati zako ziwe sawa vipi, ulikuwa hujajiandaa mpaka upite kwa Bi Mwanamvua. Mjane huyu alizunguka na marehemu mumewe, Halfani, wakiuza nguo Bujumbura hadi Masaka, na mipaka aliijua kama jiko lake. Alikuwa na maneno, jamani, na hakupenda kukatizwa. Fedha usiziweke pamoja, nyingine zishonee pindoni. Askari akikuuliza jina, taja jina, usimweleze ukoo. Nguo ya rangi ya jeshi usivae, hata kama ndiyo pekee isiyo na kiraka. Na la mwisho, alilorithi kwa bibi yake wa Bagamoyo: ukishavuka kizingiti, umetoka. Ulichosahau kimesahaulika, maana anayerudi mlangoni anaita mkosi.

Mwaka wa sabini na nane, mwezi wa kumi, zamu ikawa ya bintiye wa pekee, Biubwa. Alikuwa muuzaji katika duka la ushirika, akapata likizo, na mama yake mdogo aliyeolewa Masaka, Uganda, akamwita wale pamoja Idi Kubwa. Mwanamvua ndiye aliyemhimiza. Mwaka mzima mtoto anagombezwa na watu kwa sababu ya sukari isiyokuwapo, alisema, acha akapumue. Maneno ya vita yalikuwapo, lakini yalikuwapo kila mwaka. Na mjomba wake Hasani angemsindikiza.

Asubuhi ya safari alimsomea dua, akampitisha chini ya msahafu, akamtoa kwa mguu wa kulia. Biubwa na Hasani wakaenda stendi. Haukupita muda, Mwanamvua akamwona binti anarudi mbio peke yake, anaita.

Mkosi huo, unakuja kwa miguu yake. Akampungia mkono aende zake, akafunga mlango haraka, akatia komeo. Biubwa akagonga.

"Mama, nina neno."

"Utaniambia ukirudi," akajibu, ameuegemea mlango kwa mgongo. "Nenda, mwanangu, usijiharibie safari."

Akasikia nyayo zikiondoka. Biubwa alikuwa mtoto msikivu, hakugonga mara ya pili.

Kabla ya Idi majeshi ya Uganda yakaingia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Hapakuja barua wala salamu. Majirani walimfariji kwamba binti amefundwa, naye akajishikiza hapo hapo: fedha ziko pindoni, mdomo ameufunga, atafika. Kila jioni aliketi na redio karibu na mlango, akisikiliza majina ya miji.

Vita vilipokwisha, mwaka uliofuata, Hasani alirudi amekonda, na shikamoo yake haikusikika vizuri. Alisema nyumba ya Masaka iliangukiwa na kombora. Yeye alikuwa ametoka, Biubwa na mama yake mdogo walikuwa ndani, wakazikwa huko huko.

Mwanamvua alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku zilipopita kidogo akamwita Hasani, akamuuliza jambo moja tu: siku ile mtoto alirudi kusema nini. Hasani akainama.

"Dada, stendi tulimkuta dereva wa lori ametoka mpakani. Alisema askari wamejaa, watu wanageuza. Mimi nikasema ni uvumi. Yeye akasema, ngoja nikamuulize mama. Akisema nisiende, siendi."

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Biubwa alisikia. Bi Mwanamvua alikuwa akiwaambia hivyo waliokuja kumpa pole.

Mwishoni mwa mwaka huo alikuja jirani yake Ernesta, Mhangaza, aliyekuwa akienda Burundi kula Krismasi kwa dada yake. Aliamkia, akakaa kusubiri habari za pindo na askari. Mwanamvua hakusema hata moja. Alimsindikiza mpaka mlangoni, pale penye matundu ya misumari ya komeo alilolibandua kwa mikono yake.

"Moyo ukisita njiani, rudi," alimwambia. "Hata kama umeshafika stendi, rudi. Gonga. Nisipofungua, gonga tena, mwanangu, mpaka nikufungulie."

Ernesta alikuwa na nyumba yake na mlango wake. Akamshika mkono.

"Nitagonga, mama," akasema.