Mayo Tatu

Krrr. Zipu ya begi ilivutwa gizani, ikakwama, ikavutwa tena. Dama hakuhitaji taa kujua kwamba lilikuwa begi la mtoto.

Wiki nzima alikuwa na matumaini. Mumewe Dishon alipokwisha kuzikwa kwao Siaya, wazee wa pande zote mbili walikubaliana: Mama Jacinter, mkwewe, aje Ukunda akae siku saba, aone Gillian analelewa vipi, kisha aamue mtoto abaki au aondoke naye. Dama alimwamkia kila asubuhi, akampikia samaki, akampisha kitanda. Juzi mkwe alicheka kabisa. "Huyu anashiba huku," alisema.

Kisha ikaja jana. Dama alikuwa zamu hotelini, bibi akamwogesha mjukuu. Sabuni ikamwingia machoni, na Gillian akapiga ukelele uliosikika mtaa mzima: "Mayo! Mayo!" Alimwita mama kwa Kiduruma, kama Dama anavyomwita mamake kule Samburu ya Kwale. Lakini katika Kijaluo cha bibi, mayo ni kunyang'anya.

"Umefundisha mtoto kuniita mnyang'anyi? Mbele ya majirani?"

"La, mama, haki ya Mungu. Kwetu mayo ni mama."

"Mayo iwe mama, wapi na wapi? Usinifanye mjinga, msichana."

Dishon angeangua kicheko. Ndiye aliyeleta kikopo cha mayonezi, "mayo" kama wapishi wanavyoiita, kutoka jikoni hotelini, akampokonya binti yake mkate, akasema, "Nyumba hii ina mayo tatu: ya kupaka, ya kupokonya, na ile inayonikodolea macho pale." Zote tatu alizijua yeye, na yeye hayupo. Dama akampigia mjomba wake Samburu, aje amweleze mkwe. Mjomba alikohoa tu. "Tulishasema, mwanangu. Aamue yeye."

Sasa tuktuk ilikuwa ikinguruma nje. Dama alipiga magoti mlangoni, akamfunga Gillian vifungo vya sweta, akavifungua, akavifunga upya.

"Niite basi, mwanangu. Mara moja tu, nisikie."

Gillian alimtazama bibi yake aliyeshika begi, kisha akamgeukia mamake.

"Bibi amesema hilo ni neno baya."