Aliyemnyoa Ceniza

Bi Edelmira alikuwa amejibanza nyuma ya marobota ya majani makavu, goti likimuuma, akimsubiri mkwewe aje na mkasi. Leo atamfumania.

Ubavu wa Ceniza, chinchila jike, mnyama mdogo mfano wa sungura afugwaye kwa manyoya yake, ambaye Edelmira aliachiwa na marehemu mumewe, ulikuwa umekatwakatwa. Manyoya yale laini kuliko pamba yamebaki visiki vya kijivu. Eliseo, shemeji yake, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba na mifugo yote ya kibanda hiki, alishatoa hukumu: mnyama anajitafuna mwenyewe, ni kilema cha damu, na hapa Illapel mfugaji hamwachi mtafunaji azae. Akishakula chakula cha mchana angekuja kumvunja shingo. Majirani nao walidai chinchila mwenye huzuni hujila mpaka mfupani. Upuuzi mtupu! Kiumbe gani atajidhuru kwa hiari yake? Hapa pana mkono wa mtu, na Edelmira aliujua: ni wa Yasna, mke wa mwanawe, anayeimezea mate kona hii ya kizimba aweke cherehani yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mlango ukalia. Yasna akaingia, akageuka kuhakikisha hafuatwi, kisha akachomeka kijiti cha mtufaha kizimbani.

"Guguna hiki, bibi wee, uuache ubavu wako. Ukiuawa, yule mama mkwe wangu kule nyumbani nitambembeleza na nini mie?"

Akatoka. Mkasi hakuwa nao. Ceniza alikinusa kijiti, akakipuuza, akageuza shingo na kuanza kujikata manyoya taratibu, kama mtu anayetafuna kucha huku akiwaza yake. Hakulia, wala hakutoka damu. Edelmira aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Kabla hajainuka, Eliseo aliingia akivaa glavu. Yasna akaja mbio nyuma yake.

"Mwache, baba mdogo! Mimi ndiye niliyemkata. Kwa mkasi."

"Wewe?" Eliseo alimkodolea macho. "Basi funga virago. Mharibifu hawezi kulala kwangu."

"Nitafunga."

Edelmira akachomoza, majani kichwani. Eliseo akaruka.

"Mwongo huyo, shemeji! Nimemnyoa mimi."

"Wewe tena? Ya nini?"

"Nilitaka manyoya ya kujaza mto. Nifukuze basi, tuone nani atakupikia."

Yasna alimtazama mama mkwe wake kwa wasiwasi, asijue ni mtego au la. Edelmira hakumtazama. Alisogea tu, akasimama ubavuni pake, mabega yao yakigusana mbele ya kizimba.

"Mnanichezea nyinyi," Eliseo alisema. "Hebu pisheni nimwone."

Nyuma yao sauti ndogo ikaanza: kri, kri, kri.

Yasna akakohoa. Edelmira akamdaka Eliseo mkono, akaanza kumuuliza kwa sauti kubwa habari za mbuzi wake, na Yasna naye akadakia, wote wawili wakisema kwa pamoja huku wakimsukuma kuelekea mlangoni, na kule kizimbani meno ya Ceniza yakiendelea na kazi yake ileile.