Nyambizi Katika Hodhi la Noeline

Tangu mwezi wa pili, hodhi la kuogea la Noeline Trask lilikuwa na nyambizi ndani yake. Nyambizi kweli, si mzaha: urefu wake mita moja na robo, nyeusi ti, ina mnara, ina usukani, ina rafadha ya shaba inayozunguka kwa kubonyezwa rimoti. Mumewe Alwyn aliiunda kwa mikono yake katika banda la nyuma, na kila asubuhi aliibeba hadi bafuni kuipima majini kama mtoto wa kliniki.

Noeline hakuwa na ugomvi na nyambizi. Ugomvi wake ulikuwa na mahali ilipolala. Alikuwa amesimama miaka thelathini na moja saluni, akikata nywele za mji mzima wa Kurrimba, na miguu yake ilikuwa na mishipa kama ramani ya mto Murray. Starehe yake duniani ilikuwa moja tu: jioni kujaza hodhi maji ya moto, kujilaza humo, na kutotoka mpaka maji yapoe. Sasa alikuwa anaoga wima kwenye kibafu kidogo kando ya mashine ya kufulia, kama farasi anayeoshwa.

Kwa nini asimtimue yeye na dude lake? Jibu alilijua, na lilimkera. Kiwanda cha kusindika matunda kilipofungwa, Alwyn alikuwa amekitumikia miaka thelathini na mitatu, fundi wa mashine za kuziba makopo. Miezi mitano baada ya hapo alikaa jikoni akisikiliza friji. Noeline akirudi kutoka kuvua samaki mtoni, mumewe anamwambia, "Leo friji limenguruma mara kumi na moja." Basi, hiyo ndiyo habari ya siku. Noeline alimwogopea mumewe, naye si mwanamke wa kuogopa ovyo. Halafu siku moja Alwyn akaja na kipande cha bomba la plastiki, akaomba pete za mpira za chupa za jamu, akaingia bandani. Mtu aliyeziba makopo ya pichi maisha yake yote, mpe bomba na pete ya mpira uone. Jioni ile Noeline alimsikia akicheka huko bandani peke yake. Kwa kicheko kile alilitoa hodhi lake, akidhani ni kwa wiki moja.

Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwingine. Kuzama si kazi, hata tofali linazama. Kazi ni kuzama kwa adabu. Tangi la nyambizi likishajaa maji, inatakiwa ibaki nje ncha ya mnara tu, kama dole gumba. Kisha chombo kiende mbele, vibawa vyake viiname, kizame chenyewe. Kwa hiyo Alwyn aliongeza uzito wa risasi kiasi cha ukucha, akapunguza sponji kiasi cha punje ya mchele, akapima, akaguna, akaanza upya. Mwezi wa sita alipiga kelele, "Imekaa!" Noeline akakimbia na taulo. Kesho yake Alwyn akabadilisha betri, na uzito wote ukavurugika.

Mwezi wa saba, baridi imeshika, Noeline akamkabili jikoni.

"Sikiliza, mzee. Siku ya Maboti, mwezi wa kumi na moja. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ikizama na kuibuka mbele za watu, hodhi ni lako mpaka ufe. Sitafungua mdomo tena. Isipozama, jioni ile ile inatoka nyumbani kwangu. Ataichukua Rex, aiweke sebuleni kwake kama pambo."

Alwyn alimeza mate. "Kwa Rex?"

"Kwa Rex."

"Haya. Ahadi ni deni."

Rex alikuwa kaka yake Noeline, mwenyekiti wa chama cha maboti madogo, na mdomo wake haukuwa na breki. Hata kabla wiki haijaisha chama kizima kilikuwa na habari za hodhi.

Huku kwetu Kurrimba bwawa la kuogelea hufunguliwa joto likianza, lakini Jumapili moja kabla ya kufunguliwa ni ya maboti. Maji yanakuwa safi, watoto hawapo, na sheria ni moja: maboti majini, watu nje. Jumapili hiyo Noeline alitoka mtoni moja kwa moja, bado amevaa kizibao chake cha kuvulia chenye mifuko kumi na miwili, samaki wawili wa aina ya tumbo-njano wakiwa kwenye barafu garini.

"Dada!" Rex alimpokea mlangoni. "Umekuja na sabuni? Naona leo unaoga!"

"Wewe shughulika na boti lako."

Boti la Rex lilikuwa la kuvuta meli, jekundu, lenye honi na moshi wa uongo, na alikuwa ameshaliendesha bwawa zima akikipigia honi kila kiumbe. Kila mwenye chombo alipewa dakika kumi. Zamu ya Alwyn ilipofika, watu wote waliacha chai zao wakaja ukingoni.

Alwyn aliiteremsha nyambizi majini kwa mikono miwili. Ilielea vizuri. Akabonyeza rimoti, pampu ikanguruma, mapovu yakatoka, sitaha ikashuka, ikashuka, ikafika usawa wa maji. Ikagoma hapo. Mnara wote ulikuwa nje, umesimama kama mtu anayesubiri basi. Alwyn akaisukuma mbele kwa rimoti, kwa nguvu. Pua ikainama kidogo, ikafikiri, ikarudi juu.

"Shemeji," Rex akauliza kwa sauti ya wote kusikia, "hiyo ni nyambizi au bata?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Kisha ushauri ukaanza, maana wazee wa chama hawana uchoyo wa ushauri. Huyu anasema betri, huyu anasema pampu, huyu anasema yeye tangu mwanzo aliona vibawa ni vidogo.

"Nyumbani inazama," Alwyn alisema. "Jana imezama mara tisa. Noeline shahidi."

Ni kweli, alikuwa shahidi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu na mswaki mdomoni, akahesabu zote tisa kwa uchungu.

Noeline aliinama ukingoni, akatia mikono majini kutoa harufu ya samaki, akajipangusa jasho juu ya mdomo. Ulimi ukagusa maji. Akachovya kidole, akaonja tena kuhakikisha. Chumvi. Kidogo tu, kama maji ya kuchemshia wali, lakini chumvi.

Glenys, mtunza bwawa, alikuwa ameketi karibu, funguo zake mkononi.

"Glenys, maji mmeyafanyaje mwaka huu?"

"Baraza la mji limeweka mtambo wa chumvi badala ya ile dawa kali. Macho hayawashi tena, utapenda. Bango lipo pale getini."

"Kuna aliyelisoma?"

"Huku? Nani anasoma bango!"

Mvuvi hafundishwi jambo hili. Boya lake la ndoana likiwa mtoni huzama mpaka kwenye mstari mwekundu. Akilipeleka baharini, boya lile lile linasimama shingo nje, mpaka aliongezee risasi. Maji ya chumvi hubeba. Nyambizi ya Alwyn ilipimwa kwa maji ya mvua ya tangi la nyumbani, ikapimwa mpaka punje ya mwisho, na sasa imewekwa kwenye maji yanayoibeba zaidi. Haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa nyepesi, basi. Wenye maboti ya kuelea wasingeweza kujua, maana boti lao likielea kidogo zaidi nani atashangaa?

Alijua peke yake, na angeweza kutosema. Hapo hakuna uongo wala wizi. Ni kufunga mdomo tu. Saa kumi angekuwa ndani ya hodhi, maji yamefika kidevuni, mlango umefungwa. Na nitasema ukweli, kwa sababu nampenda Noeline lakini si malaika: alifunga mdomo. Alifika hata mahali pa kuamua kama atumie taulo la kijani au jeupe.

"Zimebaki dakika nne!" Rex akatangaza.

Noeline akamtazama mumewe. Alwyn alikuwa ameacha kujaribu. Vidole vyake vilikuwa juu ya rimoti, havibonyezi kitu. Hakuwa na hasira wala aibu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kinachonguruma chumba cha pili. Noeline aliijua sura ile. Mataulo yote mawili yakamtoka akilini.

"Alwyn!" alifoka. "Hebu lete hilo dude hapa!"

"Muda bado haujaisha, mama, niache nij—"

"Lete, nimesema! Onja maji."

"Nionje?"

"Tia kidole uonje!"

Alwyn akaonja. Uso wake ukabadilika. Rex naye akaonja, asiachwe nyuma, na mara wazee kumi na wanne wa Kurrimba walikuwa wamechutama ukingoni wakilamba vidole.

"Chumvi!" Alwyn akasema. "Inabebwa! Lakini risasi zangu zote ziko bandani, na..."

Noeline alikuwa ameshafungua mfuko wa kizibao. Akatoa chubwi tatu, zile risasi anazozamishia ndoana, akazimwaga kiganjani mwa mumewe. "Kila moja gramu kumi na tano. Anza na hizi."

Alwyn alizitazama, kisha akamtazama mkewe. Akashusha sauti. "Noeline. Unajua ikizama..."

"Nimechoka miguu, sijachoka akili. Fungua hiyo sitaha, dakika zinakwisha."

Wakapiga magoti wote wawili, na magoti yao yakalia kwa pamoja; mtaka cha mvunguni sharti ainame. Skrubu nne nje, chubwi mbili katikati ya tumbo na moja nyuma yake kidogo, skrubu nne ndani. Rex alikuwa ameshika saa na amesahau kutangaza dakika.

Nyambizi ikarudi majini. Pampu ikanguruma. Sitaha ikapotea, mnara ukaanza kushuka polepole, polepole, ukabaki dole gumba. Alwyn akaisukuma mbele. Vibawa vikainama, na dole gumba likaingia majini bila hata kuacha kiwimbi.

Kivuli cheusi kilikwenda chini ya maji kuelekea upande wa kina, Alwyn akikifuata ukingoni kwa hatua ndogo ndogo, akitabasamu kama bwana harusi. Ghafla akasimama.

"Hainisikii."

"Nini?"

"Redio ya rimoti na maji ya chumvi haviivi chungu kimoja. Imekwenda chini mno. Hainisikii tena." Lakini hakuwa na hofu. Aliinua vidole vitatu, akakunja kimoja, akakunja cha pili. "Nimeifundisha. Ikikosa sauti yangu sekunde tatu..."

Akakunja cha tatu. Maji yakachemka mapovu katikati ya bwawa, na nyambizi ikaibuka, mnara, sitaha, mgongo wote, ikimeremeta juani kama imetoka kupakwa mafuta. Umati mzima wa wazee ulilipuka kwa shangwe. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Rex. Alirusha kofia yake, ikaangukia majini, wala hakuifuata. "Shemeji! Shemeji yangu huyo! Huyo ni shemeji yangu!" Akasahau kabisa kwamba muda umekwisha, au alijifanya kusahau.

Alwyn akaizamisha tena, safari hii juu juu, nusu mita isiyozidi, redio iifikie. Akaizungusha. Watu wakaifuata ukingoni huku na huku. Noeline peke yake alikuwa amekunja uso, mkono juu ya macho. Jua lilikuwa limepiga juu ya maji, na kila alipotazama aliona mng'ao tu.

"Iko wapi?"

"Hapo, hapo, mbele yako!"

"Siioni!"

"Kile kivuli..."

"Kivuli? Miezi tisa naoga kama farasi, nije nionyeshwe kivuli?"

Akavua kizibao, akavua viatu, akateremka ngazi za bwawa na suruali yake.

Filimbi ya Glenys ikalia. "Noeline! Sheria! Maboti majini, watu nje!"

"Basi nifukuze!"

Maji yalikuwa ya baridi ya kukata, na alipiga yowe lililowachekesha hadi waliokuwa nje ya uzio. Yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Miguu yake, ile miguu ya saluni, ikawa myepesi kama ya mtu mwingine. Akavuta pumzi, akajitosa kichwa, akafungua macho.

Hapakuwa na mng'ao huko chini. Palikuwa na buluu tupu na mistari ya jua ikicheza sakafuni, na kutoka mwisho wa mistari hiyo nyambizi ilikuwa inamjia. Hakuwahi kuiona ikienda hivi. Hodhini ilikuwa ikipanda na kushuka tu, kama mgonjwa kitandani. Hapa ilikuwa inakata maji kimya, vibawa vikiinama na kuinuka, rafadha ya shaba ikizunguka nyuma yake, na ilikuwa nzuri, nzuri mno, na ilitoka katika mikono ya mwanamume aliyekuwa akihesabu miungurumo ya friji. Ikampita karibu hata akahisi msukumo wa maji kwenye kifundo cha mkono. Maji waliyoyagombea miezi tisa leo yalikuwa yanawatosha wote wawili, yeye na nyambizi.

Akaibuka akihema, nywele usoni. Alwyn alikuwa amepiga magoti ukingoni na rimoti yake, anacheka huku machozi yanamtoka, hajali nani anamwona.

"Umeiona?"

"Hodhi umelipata, mwizi wewe."

"Umeiona, Noeline?"

"Igeuze," alisema Noeline. "Ipite tena. Polepole."

Akavuta pumzi nyingine, akarudi chini.