Wa Mwisho wa Wimbi la Kumi na Saba

Jumamosi saa nane mchana Shami alimaliza kula, akakaa sebuleni kwake Hilliard, Marekani, na kuwasha mchezo kwenye televisheni. Kaka yake Azarias alikuwa ameshaingia mchezoni kwa mtandao kutoka Louisville, na mdogo wao Eliezer kutoka Buffalo. Wote watatu walifanya kazi kwenye maghala, zamu zao hazikupatana, kwa hiyo walikutana humo. Ulikuwa mchezo wa kutisha lakini rahisi: mnajifungia ndani ya nyumba, wafu wanavunja madirisha na kuja kwa mawimbi, mnawapiga risasi. Akianguka wa mwisho, wimbi limekwisha, linakuja jingine kubwa zaidi.

Katika wimbi la kumi na saba mama yao aliingia kwa dirisha la jikoni.

Alivaa kitenge cha kijani na sweta yake ya kambini. Mama Nyirabeza alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, mwaka wa kumi na mmoja akingoja kuletwa Marekani. Alikuwa ameshapimwa afya na kufunga sanduku, ndipo Marekani iliposimamisha safari zote za wakimbizi. Shami akaelewa kwamba amefariki.

"Musipige," akasema. "Ule ni mama."

Azarias akawaangusha wengine mmoja mmoja, kwa uangalifu, mpaka mama akabaki peke yake. Wachezaji wanajua kwamba ukimwacha mmoja, wimbi haliishi. Ila naye haachi kukufuata, na akikugusa mara tatu unakufa, mchezo unaanza upya, na yeye hayumo. Basi wakawa wanatembea kinyumenyume kuizunguka meza, naye akiwafuata, mikono mbele, taratibu, kwa yale magoti yake mabovu.

Saa kumi jirani wa kambini, Mukabutera, akapiga simu akilia. Eliezer akamwambia wanajua, akamshukuru kwa kuufunika mwili wa mama.

Wakagawana zamu za kumzungusha mama. Eliezer alimchukua asubuhi, Shami mchana, Azarias usiku, akirudi kutoka kazini. Mmoja akiugua, wawili walijaza. Shami aliacha kwenda kanisani, kisha akaacha kupika. Mama alilalamika kwamba wamekonda. Siku moja akauliza kwa nini wanamkimbia.

"Mama, ukitufikia tutakufa," Shami akasema.

"Nani aliwaambia? Miye nataka kuwashika tu."

Wiki ya tano Azarias alisema hawezi tena, kwamba mmoja wao ampige ili apumzike. Azarias mwenyewe akainua bunduki, akamlenga kifuani kwa muda mrefu, akaishusha. Akaomba msamaha, mama akamwitikia.

Siku iliyofuata Shami aliipigia simu ofisi ya wahamiaji kueleza kwamba mama yao amekufa. Karani alikuwa mpole. Akasema bila cheti cha kifo kutoka kambini, faili linabaki lilivyo: mwombaji yu hai, safari imesimamishwa, tarehe haipo. Shami akasema mama yuko naye hapo hapo, sebuleni. Karani akaandika. Kisha akauliza kama mwombaji ameshaingia nchini.

Shami akatazama televisheni. Mama alikuwa amefika kwenye kona ya meza, vidole vyake karibu vijaze kioo chote.

"Hapana," akasema.

"Basi aendelee kusubiri," karani akasema, na Shami akarudi nyuma hatua moja.