Ofisi ya Mwalimu Imetekwa

Mwaka 2007 nilijiona bingwa wa usalama wa kompyuta kuliko wote katika barabara ya Moi Avenue, na kwa kuwa sikuwajua wengine, hakuna aliyenipinga. Nilifundisha chuoni kwa gemu niliyoitunga mwenyewe: kila mwanafunzi, pamoja nami, ana ofisi yake kwenye skrini, anailinda huku akijaribu kuiba faili za wenzake. Kwa wiki sita hakuna aliyeingia ofisi yangu. Nililisema hilo kila siku, hata kwa mama aliyetuletea chai.

Ijumaa moja mkurugenzi wa chuo, Madam Mbithe, akaja kukagua darasa. Wazazi walikuwa wamelalamika kwamba wanalipa karo ili watoto wakacheze. Akiifuta gemu, nami ninafutwa kazi nayo, maana sikuwa na somo jingine. Asubuhi hiyo nilikuwa nimevaa tai ya harusi yangu.

"Tuanze na maombi," nikasema, kama ilivyo kawaida yetu, nikaondoka kwenye kompyuta, nikasimama mbele, nikafumba macho. Kwa kuwa mkurugenzi alikuwepo, sikuomba kidogo. Niliombea chuo, bodi, wazazi, umeme usipotee, kisha nikairudia bodi. Darasa likaitikia Amen kwa nguvu nisiyoizoea.

Kufumbua macho, skrini yangu imeandikwa: OFISI YA MWALIMU IMETEKWA. Nikaandika neno langu la siri. Likakataa. Nikaandika tena. Likakataa. Selpher, msichana wa kiti cha mbele, alikuwa amelibadilisha.

"Selpher! Nilikuwa naomba!"

"Si uliiacha wazi, mwalimu? Na ni wewe ulitufunza, ukisimama, funga ofisi. Kwani mwizi hungoja watu waseme Amen?"

Nikamgeukia mkurugenzi, nikitumaini atatetea mambo ya Mungu.

"Madam, huyu ameniibia katikati ya maombi!"

"Nilimwona," akasema Madam Mbithe. "Alipita hapa mbele yangu."

Kumbe hata yeye hakufumba macho.

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kujua kama hii gemu yako inafunza kitu. Inafunza. Itabaki."

Nilitaka kumkumbatia.

"Sasa keti chini, mwalimu. Selpher, njoo utuonyeshe vile inachezwa."

Nikakalia kiti cha Selpher, nikatoa kalamu nikaanza kunakili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alifundisha vizuri kuliko mimi.