Mashua Aliyoiona Tresco

Kamanda Wilfred Tresco na Basil Hargreave waliingia jeshi la majini siku moja, wangali na miaka kumi na mitatu. Tangu hapo Tresco hakupata raha karibu na mwenzake. Hargreave akicheka, mabaharia hucheka naye. Akitoa amri, huikimbilia. Tresco alisoma vitabu mpaka macho yakamuuma, na bado watu wakikutana naye waliuliza, "Basil hajambo?"

Mwaka 1909, katika mazoezi kwenye bandari ya Portsmouth, Uingereza, manowari ya Hargreave ilikwaruza ukuta wa gati. Alikuwa amegeuza ghafla kukwepa mashua ya wavuvi iliyochomoza kwenye ukungu. Tresco, aliyemfuata na manowari yake, aliiona mashua hiyo waziwazi. Jioni akamsimulia mkewe, Edith.

Wiki iliyofuata admirali alimwita.

"Hargreave anasema palikuwa na mashua. Uliiona?"

Nafasi ya kupanda kuwa kapteni ilikuwa moja, na wao walikuwa wawili.

"Ukungu ulikuwa mzito, Afande. Sikuona kitu."

Mwezi Juni jina la Tresco likatoka gazetini. Mchana uleule Hargreave alibisha hodi, chupa ya mvinyo mkononi.

"Kapteni Tresco! Lete mkono huo, mwizi we! Umenipiga bao."

Edith akamimina. "Nakusikitikia, Basil. Na Wilfred aliniambia mashua ilipita karibu mno, hata kofia ya mvuvi aliiona."

Hargreave akaweka glasi mezani taratibu. "Kofia ilikuwa nyekundu, Wilf?"

"Nyekundu," Tresco akajibu kabla hajajizuia.

Hargreave alimuaga Edith kwa adabu, akaondoka bila kumtazama mwenyeji wake.

Tresco aliandika barua ya kukiri. Akatembea nayo mfukoni siku tatu, kisha akaitia motoni. Hargreave akapelekwa kusimamia kituo cha walinzi wa pwani kaskazini mwa Uskoti, na Tresco akakabidhiwa meli kubwa ya vita.

Asubuhi ya kwanza melini, karani alimletea maombi ya uhamisho: mabaharia kumi na mmoja, wote wakitaka kituo kile cha Uskoti.

"Wanafuata nini huko? Si baridi na mawe tu?"

"Wanamfuata Kamanda Hargreave, Afande. Waliwahi kuwa chini yake."

Moyo wa Tresco ukawaka. Alivuta kalamu, akaandika "Hapana" kwenye karatasi ya kwanza, halafu ya pili, akiikandamiza mpaka nibu ikapinda.