Safari za Mbinguni za Mwalimu Kasimiri

Mara ya kwanza Kasimiri alipoanguka alikuwa akihubiri juu ya unyenyekevu, na baadaye jambo hilo lilimchekesha yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Alikuwa katekista wa kigango kimoja karibu na Isikizya, mtu wa miaka hamsini na ushee, mwenye sauti nene aliyoipenda mno. Jumapili hiyo ya mwaka 1953, katikati ya maneno, macho yaliingia giza, akadondoka kama gunia la mpunga. Hakukaa chini muda mrefu. Alipofumbua macho aliwakuta akina mama wamepiga magoti kumzunguka, na bibi mmoja, Marcelina, ananong'ona, "Mwalimu alikwenda mbinguni. Tazameni uso wake."

Kasimiri angeweza kusema, "Hapana, bibi, nilizimia tu." Hakusema. Alijipangusa vumbi, akatabasamu kidogo, akaendelea kuhubiri unyenyekevu.

Wiki tatu baadaye alianguka tena, makaburini, na habari zikafika hadi Chemchem, Tabora mjini. Watu wakaanza kuja kuombewa. Kasimiri naye akaanza kutembea taratibu na kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, hata alipoulizwa kama atakula ugali au viazi. Ule mwendo wa taratibu, kusema kweli, haukuwa utakatifu. Pumzi zilikuwa zikimwishia kila alipofika kisimani. Hilo hakumwambia mtu.

Mkewe Nyamizi hakupiga magoti. Alikuwa akimtazama tu.

Kisha mbuzi wa jirani yao Alois wakaingia kwenye mihogo. Kasimiri alitoka nje akamporomoshea Alois maneno ya Kinyamwezi ambayo katekista hapaswi hata kuyajua, na matusi yalipofika kwenye ukoo wa mama yake Alois, akaanguka. Ni Alois huyohuyo aliyemwinua.

"Baba Justus," Nyamizi alimwambia mumewe alipozinduka, "leo malaika wamekuchukua ukiwa katikati ya tusi. Kesho tunakwenda hospitali."

Asubuhi wakapanda lori la karanga hadi mjini.

Aliyewapokea ni Lugembe, mganga msaidizi aliyejifunza kazi jeshini, huko Burma. Alimwamkia Kasimiri, akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa.

"Thelathini na sita kwa dakika," alisema. "Mtu aliyekaa, ningetegemea sitini au sabini." Mara vidole vyake vikakandamiza zaidi. Kasimiri aliona ukuta unarudi nyuma, sauti zinakwenda mbali. Kisha kifua kikashtuka, na moyo ukaanza kwenda mbio kama mtu aliyechelewa treni.

"Moyo ulisimama," Lugembe alisema. "Sekunde nne."

Daktari Mzungu alikuja, akasikiliza kifua muda mrefu, akazungumza na Lugembe kwa Kiingereza. Alipoondoka, Lugembe alivuta kiti.

"Moyo haungoji kuamriwa na kichwa, Mwalimu. Juu yake, upande wa kulia, pana kisehemu kidogo kinachotoa umeme hafifu, na kila kikitoa, moyo unapiga. Chako kimechoka. Mara kinachelewa, mara kinanyamaza kabisa. Damu haifiki kichwani, unaanguka. Kisha kinazinduka na kukimbia kupita kiasi."

"Na kikinyamaza, mimi nakuwa nimefika wapi?"

"Sakafuni, Mwalimu."

Nyamizi aliinamisha uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kasimiri alijitahidi asicheke, akashindwa. Halafu akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni. "Na kikinyamaza kisiamke?"

"Inaweza kutokea. Mara nyingi sehemu nyingine ya moyo hushika kazi, japo polepole. Kuna vidonge vya kukisukuma. Vya kukiponya hakuna. Usipande miti kufuata mizinga ya nyuki. Baiskeli iache. Na ukiona giza, lala chini mwenyewe kabla hujaangushwa."

Njiani kurudi aliogopa kwelikweli. Alisali juu ya magunia ya lori, kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuwa anajisikiliza.

Jumapili aliwaambia waumini yote. "Sikwenda mbinguni. Nilikwenda sakafuni, mara zote tatu, nanyi nikawaacha mpige magoti kwa sababu ilinipendeza."

Alois akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Bibi Marcelina hakucheka. "Na mjukuu wangu uliyemwombea?"

"Sala ni sala, bibi. Lakini mpeleke hospitali pia. Nyamizi atawasindikiza."

Tangu hapo alihubiri akiwa amekaa, na Alois akawa ndiye anayempandia kwenye mizinga. Vidonge vilisaidia, ingawa si kila siku. Wakati wa Krismasi alianguka tena, wimbo ukiendelea. Alipozinduka alijikuta amelazwa chali, miguu imeinuliwa juu ya benchi kama Nyamizi alivyowafundisha, na watu wanaimba.

"Hawakunyamaza hata kidogo?" alimwuliza mkewe.

"Wako ubeti wa tatu."

Ilimuuma kidogo kwamba safari hii hakuna aliyepiga magoti. Akabaki amelala hapo chini, akaitikia kiitikio pamoja nao.